Fundi Usiguse na Kanda ya Harusi

Ilikuwa mwaka wa themanini na saba. Hapana, nisiwadanganye. Themanini na saba ndio mwaka ule kabati la redio lilipomwangukia fundi, akatembea miezi miwili mkono shingoni, na mtu mwenye mkono shingoni hawezi kushika kamera. Basi ilikuwa themanini na nane, siku dada yake alipoolewa. Nang'ang'ania mwaka si kwa ubishi, ila ukihesabu kuanzia hapo utaona kwamba kanda ya harusi ile ililala ndani ya kopo la biskuti miaka zaidi ya thelathini kabla jicho la mtu halijaitazama.

Fundi mwenyewe watu walimwita Usiguse. Si jina alilopewa na wazazi. Alipofungua karakana yake ya redio, chumba kimoja chenye dirisha la nondo kati ya kinyozi na duka la viatu, alikuta wateja wana tabia moja: redio ikishapasuliwa tumbo, wote wanaiinamia na kuuliza "hiki nini?" huku kidole kimeshafika. Akachukua kipande cha mbao, akaandika neno moja kwa rangi nyekundu, akakitundika juu ya meza. Kibao kikazaa jina. Watoto walitumwa "kwa Usiguse", barua zilikuja "kwa Usiguse", na siku moja hospitali, nesi alipomwita kwa jina lake la kweli, alikaa kimya kwenye benchi mpaka mkewe akamfinya.

Alikuwa na imani yake kuhusu vyombo, na aliihubiri kwa kila aliyeingia na kitu kibovu kwapani. "Chombo hakiharibiki chenyewe," alisema. "Kuna mambo matatu tu. Vumbi, kiungo kilicholegea, na mikono ya watu." Akishasema hivyo, hupuliza. Alipuliza redio, alipuliza pasi, alipuliza saa za ukutani. Mkewe husimulia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa yao aliumwa koo, na mumewe akamwambia afunue mdomo, akammulika kwa tochi, akapuliza.

Siku hizi redio za kutengeneza zimekwisha. Zinakuja za plastiki, zikifa zinatupwa. Karakana ikafungwa, na fundi akahamishia vitu vyake kwenye kona ya sebule: meza, taa ya kuinama, pasi ya kulehemu, makopo ya skrubu, na kile kibao. Wanaobisha hodi sasa ni wenye chaja zilizokatika shingo. Lakini kidole chake bado kinamwasha. Runinga kubwa iliyo ukutani ina tundu ubavuni la kuchomekea fleshi, na fundi aliona tundu lile lina vumbi, akalisafisha kwa ncha ya kisu. Tangu siku hiyo halisomi kitu. Jambo hilo halizungumzwi mbele ya wageni, isipokuwa na mkewe, ambaye hulizungumza mbele ya wageni tu.

Kwa hiyo kwenye nyumba ile, kama unataka runinga isome fleshi, lazima upitie kwenye mashine ya gemu. Na mashine ya gemu ni ya binti yao wa mwisho. Huyu ni mtu mzima, miaka thelathini na moja, anauza dawa famasi, koti jeupe, miwani, watu wanamwita dokta na yeye anawakataza. Jumapili ikifika hukaa chini sakafuni, padi ya vitufe mkononi, akawafunga watu asiowajua mabao manne manne.

"Mtu mzima na gemu," fundi husema, huku amevuta kiti apate kuona vizuri.

Sasa nirudi kwa dada. Dada yake fundi amemzidi miaka saba, na nusu ya malezi ya fundi ni mkono wa dada huyo. Mume alishafariki, watoto wametawanyika. Jumamosi moja alifika na begi dogo na mwavuli, akasimama mlangoni, akamkagua mdogo wake juu mpaka chini.

"Umekonda wewe. Wifi! Humpi chakula?"

"Anapewa, wifi," mke wa fundi alijibu kutoka jikoni. "Ila anakipuliza tu."

Wanawake wale wawili wamepatana tangu zamani kwa sababu wana mtu mmoja wa kumcheka.

Dada alikuja kwa jambo moja, na alilisema kabla hajamaliza chai. "Mdogo wangu, sura ya mama ninayo ukutani. Ile picha ya kitambulisho tuliyoikuza. Lakini sauti yake imenitoka. Mwaka wa tatu huu naitafuta. Usiku nalala najaribu kumsikia akiniita, nasikia maneno tu, kama mtu anasoma gazeti. Nimekuja kusikia sauti ya mama."

Mama yao alifariki miaka minne baada ya harusi ile. Hapakuwa na kanda nyingine, wala simu za kurekodi hazikuwako. Palikuwa na ile kanda moja tu, na kwenye kanda ile, kila mtu alijua, mama alisimama mbele ya wageni akashika mgongo wa kiti, akasema maneno juu ya binti yake. Maneno gani? Bibi harusi mwenyewe alikuwa analia kama bomba lililopasuka, hakushika hata moja. Mjomba alisema mama aliwaombea baraka. Shangazi akasema si kweli, mama alimwonya bwana harusi. Bwana harusi naye, mpaka anaingia kaburini, alidai mkwewe alimwambia, "Ukimchoka mrudishe, risiti ninayo."

Na fundi? Fundi ndiye aliyeshika kamera. Hii ilikuwa fahari yake. Kamera ilikuwa ya mteja, mwenye duka la vitambaa, iliyoletwa karakana kwa matibabu, na fundi akaipitisha harusini kuijaribu. Alivaa hedifoni kubwa masikioni mchana kutwa, asikie inavyorekodi. Kila dada alipomuuliza mama alisema nini, alijibu, "Yote yamo kwenye kanda. Sauti safi kabisa, hata mvumo hakuna." Miaka thelathini na kitu jibu ni hilo hilo. Kanda yenyewe ilikuwa ya aina ndogo, inachezwa na kamera ile ile tu, na wiki iliyofuata mteja alikuja akachukua chombo chake. Kanda ikabaki kwenye kopo.

Binti ndiye aliyeipeleka kwa mama mwenye studio ya picha, mwanamke mnene mpole ambaye rafu zake zimejaa kamera za kale kama kuku wanaotaga. Akaitoa harusi kwenye kanda akaiweka kwenye fleshi. Alipomkabidhi binti alisema maneno haya, na uyakumbuke: "Nimetoa kilichokuwemo. Sikuongeza, sikupunguza."

Basi Jumapili baada ya chakula cha mchana wakakaa. Dada kwenye kochi, miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Mke wa fundi pembeni yake. Binti sakafuni. Fundi amesimama, kwa sababu fundi hakai chombo kinapowashwa.

Binti akachomeka fleshi kwenye mashine ya gemu. Skrini ikaonyesha picha ndogo ndogo za gemu, lakini fleshi haikuonekana.

"Haioni," binti alisema.

"Vumbi," fundi alisema. Akaichomoa, akaipuliza, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akaipaka spiriti kwa pamba, akaipuliza tena. Akairudisha. Haikuonekana.

"Baba, si vumbi. Fleshi imepangwa kwa namna ambayo hii mashine haiijui. Ni kama kabati ambalo droo zake zinafungukia upande mwingine. Nitalihamisha faili kwenye laptopu ya kazini, niifute fleshi, niipange upya."

"Uifute?" Dada alishtuka mpaka miwani ya kichwani ikamwangukia puani. "Umfute mama?"

"Simfuti, shangazi. Namhamisha kwanza, halafu namrudisha."

"Mhamishe taratibu."

Ikahamishwa, ikafutwa, ikapangwa, ikarudishwa. Wakati binti amekwenda kuchomoa laptopu, fundi aliona ni zamu yake. Akachukua padi, akabonyeza kitufe chenye sura ya kuaminika. Ghafla runinga ikajaa uwanja wa mpira, taa, bendera, na kelele za watu elfu arobaini.

Dada aliinama mbele. "Yesu na Maria, wageni wa harusi yangu walikuwa wengi hivi?"

"Hiyo gemu, wifi."

"Aah. Maana nilikuwa najiuliza chakula kilitosha vipi."

Binti akarudi mbio akampokonya baba yake padi. Safari hii fleshi ilionekana, na ndani yake faili moja, limeandikwa HARUSI. Akalibonyeza. Skrini ikawa nyeusi, kisha yakaja maandishi: faili hili haliwezi kuchezwa.

"Kiungo kimelegea," fundi alisema, na kabla mtu hajamzuia alikuwa nyuma ya runinga, nusu ya mwili haionekani, anazungusha kebo. Picha ya runinga ikapotea yote. Ikarudi. Ikapotea.

"Baba yake," mkewe aliita, "toka huko kabla hujatuzimia mtaa mzima."

"Nasikia kebo inacheza!"

"Wewe ndiye unayecheza. Toka."

Binti alieleza kwa upole, kwa ile sauti anayotumia kumweleza mgonjwa kwamba dawa ya kupaka hainywewi. Faili lenyewe ni zima, alisema, ila limefungwa kwa mtindo ambao mashine ya gemu haijui kuufungua. Inabidi laptopu ilifungue na kulifunga upya kwa mtindo inaoujua. Itachukua kama dakika arobaini.

Dakika arobaini zile zilikuwa ndefu. Laptopu iliwekwa juu ya meza ya chai, na mstari mwembamba wa kijani ukawa unasogea kama konokono. Dada aliutazama mstari bila kupepesa. Alisimulia habari za nyumbani, akauliza bei ya viatu, akakatiza hadithi katikati ili aseme, "Umesogea." Fundi alizunguka chumba. Alisema vitu vya siku hizi havina heshima. Redio, alisema, ilikuwa unaiona inaumwa wapi: unafungua, unatazama, pameungua, unaweka kipya. Hii mashine ya gemu ni sanduku jeusi lililofungwa pande zote, utatibu vipi mtu asiye na mdomo?

"Ndiyo maana imeishi," mkewe alisema. "Ingekuwa na mdomo ungeshaumulika kwa tochi."

Mstari ukafika mwisho. Faili likahamishwa. Binti akabonyeza.

Ikaja picha. Kwanza mistari ya kucheza cheza, halafu ua la nyumba, viti vya mbao vimepangwa, wanaume wamefunga tai nene, na katikati msichana mwembamba mwenye shela, macho yamevimba kwa kulia.

"Mimi huyo!" Dada alipiga kofi paja la wifi yake. "Tazama kiuno! Wifi, kiuno hicho kilikwenda wapi?"

"Kimezaa watoto watano, wifi. Kina haki ya kupumzika."

Wakacheka, wakataja majina ya waliokufa, huyu ni fulani, yule na meno yale ni nani, na kwa muda hakuna aliyeona kilichokosekana. Kisha kwenye skrini wageni wakageuza vichwa. Mwanamke mwenye kitenge cha majani makubwa akasimama, akashika mgongo wa kiti, akafungua kinywa.

Chumba kizima kikanyamaza kumsikiliza. Hata jokofu la jikoni lilikata mngurumo. Midomo ya mama ikaenda, ikarudi, mkono ukapanda ukashuka, wageni wakacheka kwa pamoja kinywa wazi. Hakuna sauti. Kimya kama maji ya mtungini.

"Ongeza sauti," dada alisema.

Mke wa fundi akachukua rimoti akaongeza mpaka mwisho. Kimya kikawa kikubwa zaidi.

"Simamisha!" Dada alisema. "Asiendelee kusema sisi hatumsikii. Si adabu."

Binti akasimamisha. Mama akabaki skrini nzima, kinywa wazi, kidole juu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza upya. Binti alifungua gemu ya mpira: watu elfu arobaini wakapiga kelele mpaka glasi zikatikisika. Basi spika za runinga nzima, na kebo nzima, kwa sababu picha na sauti hupita kwenye kebo ile ile. Fundi aliyekuwa ameshika bisibisi akaiweka chini kwa huzuni. Binti akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabadili namna ya kutoa sauti, mara hii, mara ile. Kimya. Akasema labda sauti imefungwa kwa mtindo mwingine tena tofauti na picha, hilo hutokea, akalifunga faili upya kwa mara ya pili. Dakika nyingine arobaini, konokono yule yule, chai nyingine. Kimya. Mwishowe akafanya jambo ambalo alisema alipaswa kulifanya mwanzo: akalifungua faili lile la awali, kama lilivyotoka studio, kwenye laptopu yenyewe, akaweka sikio.

"Hata hapa hamna sauti," alisema. "Kosa si la mashine ya gemu. Wala si la runinga. Lilikuja hivi hivi kutoka studio."

Dada alisimama. Alipokuwa msichana, akisimama hivyo watoto wa majirani walikimbia. "Kwa hiyo yule mwanamke amechukua picha, sauti ya mama yangu ameiacha kwenye kanda?"

"Inawezekana hakuchomeka waya wa sauti wakati anahamisha, shangazi. Watu husahau."

"Mpigie. Mpigie sasa hivi, hata kama ni Jumapili. Nizungumze naye mimi mwenyewe."

"Mimi nilisema," fundi aliunga mkono, kifua mbele. "Mikono ya watu! Nilisema au sikusema?"

Binti alianza kutafuta namba. Padi ilikuwa imelala kwenye zulia, na alipojinyoosha kuchukua simu, goti lake likaibonyeza. Mama akaendelea kusema kwenye skrini. Kamera ikamwacha kidogo, ikazunguka kuonyesha wageni, ikapita kabati lililotolewa uani kupisha nafasi ndani, kabati la milango ya kioo. Na kwenye kioo, kwa muda wa pumzi mbili, akaonekana kijana mrefu mwenye suruali pana chini, kamera begani, hedifoni kubwa masikioni. Chini ya pua ya kamera waya mwembamba ulikuwa unaning'inia, ncha yake imefungwa kwa utepe mwekundu.

"Tazama suruali hiyo!" mke wa fundi alicheka. "Ungeweza kufagia nayo kanisa."

Lakini fundi hakucheka. Alikuwa anatazama ule utepe.

Mvumo. Mwenye duka la vitambaa alileta kamera ile kwa sababu ilikuwa inavuma, ukirekodi unasikia mmmm kama nyuki ndani ya chupa. Na asubuhi ya harusi, karakana, kijana Usiguse alikata waya wa maiki ili ajue mvumo unatokea wapi, akaufunga utepe ili aulehemu baadaye, akavaa hedifoni, akasikiliza. Kimya. Mvumo umekwisha! Alifurahi mpaka akamwambia kinyozi. Akatoka na kamera mbio, harusi imeshaanza, na mchana kutwa akasikiliza kile kimya kwenye hedifoni akajisifu moyoni: safi kabisa, hata mvumo hakuna. Mvumo haukuwako, wala mama hakuwako, wala mtu yeyote. Jumatatu akalehemu waya, kisha akaisahau habari yote, kama mtu anavyosahau aliweka wapi kalamu.

Alikaa kwenye kiti. Mkewe akamwona ameketi, naye hajawahi kumwona ameketi chombo kikiwa kinawaka, akajua kuna jambo.

"Inaita," binti alisema, simu sikioni.

Sasa fikiria mtu huyo. Miaka yote ile anajibu "yote yamo kwenye kanda", na pale palikuwa na mlango wazi wa kutokea: angenyamaza tu, mama mwenye studio angetukanwa kidogo, angeapa kwamba hakupunguza kitu, wasingemwamini, na jina la fundi lingebaki juu kama kile kibao. Alifikiria hivyo. Binti yake baadaye alisema aliona kabisa anafikiria hivyo, kwa sababu alianza kupuliza vidole vyake.

"Kata simu," fundi alisema.

"Mbona, baba?"

"Kata. Mama wa watu hana kosa." Akamgeukia dada yake. "Dada, kaa chini. Waya wa maiki niliukata mimi."

"Umeukata leo?"

"Siku ya harusi yako."

Akaeleza yote, mvumo, utepe, hedifoni, kinyozi. Alieleza akitazama zulia. Alipomaliza, kitu pekee kilichokuwa kikienda chumbani ni midomo ya mama.

"Kwa hiyo," dada alisema polepole, "miaka yote hii nikikuuliza mama alisema nini..."

"Sikusikia, dada. Nilikuwa na hedifoni."

"Ulikuwa mita mbili kutoka kwake."

"Moja na nusu."

Dada akavua miwani ya puani, akavua ya kichwani. Mabega yakaanza kutikisika. Wifi yake akamshika mkono akidhani ni kilio, na kilikuwa kilio kwanza, kweli kabisa, machozi mazito ya mtu aliyesafiri mbali kufuata kitu akakuta hakijawahi kuwapo. Halafu katikati ya kilio akamtazama yule kijana wa suruali pana aliyekuwa sasa mzee wa kipara kitini, na kicheko kikapenya humo humo, hata mwenyewe hakujua kinatoka wapi.

"Usiguse," alisema, akijifuta. "Usiguse! Ukaandika kibao ukawatundikia wengine!"

"Nilisema mikono ya watu," fundi alinong'ona.

"Ulisema. Hukusema ya nani."

Baadaye, jua limeshahamia dirisha la pili, dada akaomba warudishe mwanzo. "Kama hasemi, tutamsemea," alisema. Mama akasimama tena, akashika kiti, na dada akaanza kumwekea maneno kinywani, kila mdomo ulipofunguka. "Binti yangu huyu, mnamwona analia? Hali ugali wa jana!" Wageni wa kwenye skrini wakacheka sawa sawa na mahali pake, na wote sebuleni wakapasuka. "Na wewe bwana, ukimchoka..." Kidole cha mama kikapanda. "...risiti ninayo!"

Mke wa fundi ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Yeye alikaa na mkwewe miaka miwili nyumba moja. "Wifi," alisema, "hebu rudia hilo la mwisho."

"Risiti ninayo?"

"Ndivyo alivyokuwa akisema. Anameza mwisho wa neno hivyo hivyo. Ni yeye kabisa."

"Unanibembeleza, wifi."

"Nikubembeleze kwa nini? Mimi na mama mkwe tuligombana kila siku ya Mungu, sauti ile naijua kuliko yangu."

Dada akarudia neno lile kwa sauti ya chini, peke yake, kama mtu anayejaribu kiatu. Hakusema kama kimemwingia. Lakini binti alitoa simu akasema, "Shangazi, sema tena yote, nikurekodi," na fundi, kusikia neno rekodi, akainuka mkono mbele aitazame maiki ya simu kama haina vumbi.

"Usiguse!" walipiga kelele wote watatu.

Akakaa. Dada akasema yote tena kutoka mwanzo hadi mwisho, na rekodi ile ipo, na kila mwezi anaiomba itumwe upya kwa sababu hajui anaiweka wapi.

Kilichobaki ni kipande cha mwisho cha kanda, na hicho ndicho kinachomfanya fundi akalie sakafu Jumapili, padi mkononi, akirudisha nyuma na kupeleka mbele, na binti yake anangoja zamu ya mpira. Mama amekwisha kusema. Watu wanapiga makofi. Anaacha kiti, anakuja moja kwa moja mpaka uso unajaa skrini. Anatazama chini kidogo ya lenzi, ananyoosha kidole, halafu anainua macho, anamtazama mwanawe na kusema neno, si refu, maneno manne au matano, anatabasamu. Kivuli cha mkono wa kijana kinapita mbele: anampungia mama asogee, anamharibia picha.

Dada hakuweza kumsemea hapo. Alijaribu mara tatu akaacha, akasema hapo si pake. Binti anasema kidole kinaonyesha waya. Mkewe anasema mama hunyoosha kidole anapobariki, alivyofanya hata kwake. Mama mwenye studio, alipopelekewa chupa ya asali ya kuomba radhi kwa tusi ambalo hakulisikia, alitazama mara mbili akasema yeye hutoa kilichokuwemo tu. Fundi amemuuliza kila mtu, na mpaka leo hajajibiwa: pale mama alikuwa anamwambia waya umekatika, mwanangu, au alikuwa anamwambia jambo lingine?